Mwaka Nilioficha Chumvi Koboko

Mwezi uliopita Candiru alinipigia simu nikiwa nimetoka tu darasani, vidole vyangu bado vina chaki, akaniambia maneno mawili matatu yaliyonifanya nikae pale pale kwenye ngazi za ofisi. "Madam Furaha yuko hospitali ya Kuluva." Kwa karibu miaka ishirini hatukuwa tumesikia habari za mwalimu wetu huyo. Alikuwa amevuka kutoka Kongo kuja kutibiwa jicho, na muuguzi mmoja anayesali na Candiru ndiye aliyelitambua jina. Jumamosi tulikwenda wote wawili. Tulimkuta kwenye veranda ya wodi, jicho moja limefungwa bandeji, la pili amelifumba kwa ajili ya jua, anakula papai kwa kijiko. Candiru akatoa salamu, na kijiko kikasimama hewani. "Hiyo sauti iko ya Candiru," alisema yule mama. "Na mutu anasimama nyuma yake bila kusema kitu, huyo njo Zaina. Anangoja wengine waanze." Tulicheka hadi mgonjwa mmoja akatoka ndani kuangalia kuna nini. Tulikaa naye mpaka saa kumi, na njia nzima ya kurudi Arua tulikuwa tunakatizana maneno kama wasichana wa miaka kumi na tisa, maana huo ndio umri tuliokuwa nao mwaka ule.

Chuo chetu kilikuwa pembezoni mwa mji wa Arua, na kilikuwa na mpango wa mwaka mmoja kwa watu waliomaliza sekondari na alama za kutia aibu. Ulichukua masomo matatu. La kwanza ulilazimishwa: stadi za kujifunza, kwa sababu ilidhaniwa, na kwa haki kabisa, kwamba hatukujua kujifunza. La pili, uchumi, alinichagulia kaka yangu Musa, aliyekuwa wakala wa forodha pale mpakani Oraba na alitaka ndugu yake wa damu aje amsaidie kusoma makaratasi ya malori. La tatu niliacha wazi kwenye fomu. Siku ya kwanza nilitafuta chumba namba nne, darasa la uchumi. Sikujua kwamba chuo kile kilikuwa na namba nne mbili, moja imeandikwa mlangoni kwa rangi na moja kwa chaki. Nikaingia kwenye ile ya chaki. Kilikuwa ghala la tumbaku zamani, refu, lenye madirisha ya juu, na harufu ya majani makavu ilikuwa bado imo kwenye kuta, tamu na kali, kiasi kwamba hadi leo nikipita karibu na mtu anayesokota tumbaku moyo wangu huanza kwenda mbio.

Mbele alisimama mwanamke mnene wa kitenge cha manjano, ndiye Madam Furaha, bila daftari, bila ubao. "Bebeni kitu," alisema. "Sitaki muniambie ni kitu gani. Minataka nikione." Watu wakaanza kutembea huku na huko wakibeba hewa. Mimi nikajiambia: kweli hiki ni chuo, uchumi ni habari ya bidhaa, na bidhaa lazima zibebwe. Nikabeba sufuria ya maharage inayotokota, nikitafuta pa kuitua na nisipate. Nilizunguka ghala lile mpaka viganja vikaanza kuniuma kweli. Tulipopumzika nilifungua daftari na kuandika juu ya ukurasa: Uchumi, somo la kwanza, kubeba. Ndipo akaita majina, na langu halikuwemo. "Weye unatafuta nini hapa?" aliniuliza. Nikasema natafuta uchumi, Madam. Kicheko kilichopasuka pale sijakisahau. Yeye hakucheka. "Uchumi iko upande ule, kwa Mwalimu Andama," alisema. "Lakini sufuria yako ilikuwa na moto. Niliona vidole. Kesho urudi." Nilipotoka nje nikaazima kalamu kwa msichana mrefu aliyekuwa akicheka kuliko wote, nikaandika kwenye ile nafasi ya tatu: sanaa za maonyesho. Msichana huyo alikuwa Candiru. Jioni ile nilimwambia Kaka Musa kwa simu kwamba somo la tatu linaitwa mawasiliano. Nilijiambia kwamba si uongo hasa.

Candiru na mimi tulipangiwa chumba kimoja hosteli, vitanda viwili vya chuma na dirisha moja linalotazama jiko. Sikuwahi kuishi mahali penye kelele nzuri kama zile. Asubuhi tuliamshwa na mwiko ukigonga ukingo wa chungu. Mchana walipika enyasa, ugali wa muhogo na mtama mwekundu ambao Candiru aliula tangu kuzaliwa na mimi niliuzoea kwa shida, pamoja na samaki mkavu aliyechemshwa na karanga. Na chini kabisa ya dirisha letu palikuwa na meza ya walimu. Hawakujua, au hawakujali, kwamba kila neno lao lilipanda juu na mvuke. Tulikula tumekaa sakafuni, sahani mapajani, tumenyamaza kama wezi. Tulijua nani anaumwa mgongo, nani anatafuta kiwanja, na kwamba Mwalimu Andama na Madam Furaha hawakuweza kupeana bakuli la mchuzi bila kubishana.

Mwalimu Andama alikuwa mwembamba, mwenye sweta ya kijani aliyoivaa hata jua la Februari. Walimu walikuwa wachache, kwa hiyo alibeba masomo mawili: asubuhi alitufundisha uchumi, mchana alitufundisha kwa nini hatukuelewa asubuhi. Alifundisha kwa Kiingereza safi, polepole, akichora mistari miwili inayokatana, ugavi unapanda huku, mahitaji yanashuka kule, na mimi niliinakili kwa rula kwa unadhifu mkubwa bila kujua mistari ile ilikuwa inatafuta nini. Jaribio la kwanza nilipata ishirini na nane kwa mia. Mchana wa siku hiyo, katika stadi za kujifunza, alinisogezea kiti. "Unasomaje?" aliniuliza. Nikasema nasoma mara nne. "Kimya?" Kimya, Mwalimu. "Na ukifunga daftari?" Nikamwambia ukweli: vinaondoka vyote. Akachukua kalamu na kuandika jibu langu. Nilimtazama akiandika. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kupokea kushindwa kwangu kama habari ya kufanyia kazi, bila kunionea aibu wala kunionea huruma. Leo mimi mwenyewe ni mwalimu, na nina daftari la namna hiyo mezani. Lakini siku ile alichosema baada ya kuandika kilinichoma. "Masomo matatu ni mengi kwako. Jaribio la pili liko baada ya wiki tano. Usipofika hamsini, unaacha ule mchezo wa Madam."

Siku mbili baadaye, sahani mapajani, tulisikia yaliyobaki. "Watoto hawa wanahitaji kazi," ilikuja sauti ya Andama. "Mkuu ameniuliza kama somo lako liendelee mwakani. Nimwambie nini? Mtu atakula maigizo?" Kikombe kikatuliwa kwa nguvu. "Na kazi gani inafanywa na mutu anaogopa kusimama mbele ya batu?" alijibu Madam Furaha. "Huyo Zaina wako anajua jibu, lakini jibu inamukwama hapa." Nadhani alijishika koo. Andama akajibu kwa sauti ya chini: "Jibu gani? Hana jibu, nimesahihisha mwenyewe." Candiru alinishika mkono. Sikulia. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo juu ya jambo la darasani, hasira ya kupendeza kabisa, iliyonifanya nisimalize chakula.

"Tuifanye," nilimwambia Candiru. "Tufanye nini?" "Uchumi wote. Kama mchezo. Kwa lugha yetu." Kuanzia mchana huo, ghala lilipokuwa tupu, tulikuwa tunaingia na daftari la Andama na kulipanga kama igizo. Candiru alikuwa mnunuzi, mimi muuzaji. Tulipofika ukurasa wa mistari miwili, tuliweka kiti katikati kikawa gunia la chumvi, na tukapatana bei kwa Kiswahili cha sokoni, kwa matusi ya sokoni pia, mpaka nikaona kwa macho yangu mistari ile ikikutana: ni pale nilipochoka kukataa na yeye akachoka kuondoka. Nilipiga kelele. Kweli nilipiga kelele, "Ni hapa! Candiru, ni hapa!" na tulipogeuka Madam Furaha alikuwa mlangoni. "Rudia," alisema. Tukarudia. Akaniuliza, "Huyu mama mwenye chumvi, iko na watoto?" Nikasema sijui, kitabu hakisemi. "Basi kitabu haijamaliza kazi yake. Tumalize sisi."

Hivyo ndivyo mchezo wetu ulivyozaliwa. Mji mmoja karibu na mpaka hauna chumvi madukani. Mama mmoja anayo, magunia matatu, ameyafunika turubai nyuma ya nyumba, anangoja mpaka uliofungwa ufunguliwe awauzie watu wa ng'ambo wanaolipa zaidi. Majirani wanakuja mmoja mmoja na yeye anakataa kila mmoja kwa sababu tofauti. Huyo mama nilikuwa mimi. Tulifanya mazoezi wiki nne, tukiwa kumi na mmoja, na sijui kama nimewahi kuishi wiki nyingine kama zile. Nilitembea kwenda kuoga nikisema maneno ya mama yule. Niliota kwa sauti yake. Na jambo la ajabu, uchumi wa Andama ulianza kukaa kichwani kama mgeni aliyeonyeshwa kiti. Kisha Madam akatangaza tutaonyesha wapi: Koboko, sokoni, siku ya gulio, mchana kweupe. Wengine walishangilia. Mimi nilimfikiria Kaka. Koboko kulikuwa nyumbani. Musa alilala Oraba siku nyingi, lakini siku ya gulio alipenda kurudi mjini kula kwake.

Tulipanda lori la chuo, na mbele karibu na dereva aliketi Mwalimu Andama, sweta na yote, kwa sababu mkuu alimwagiza aje atazame na kuleta taarifa. Tuliimba njia nzima. Sokoni tulipewa nafasi kati ya wauza muhogo na wauza mitumba. Hakukuwa na jukwaa, tulichora duara kwa mguu. Watu walijaa haraka: wakulima waliotoka Dranya na mabunda yao, akina mama wa biashara, wazee waliowahi kuwa jeshini na ambao bado walisimama wima kama wanakaguliwa. Mwanzo nilisema maneno ya mazoezi tu, neno kwa neno. Lakini jirani wa kwanza alipokuja kuomba kijiko kimoja tu cha chumvi kwa ajili ya mgonjwa, na mimi nikasema, "Sina hata chembe, dada, Mungu ni shahidi," mwanamke mmoja kwenye duara alipayuka: "Muongo! Chumvi iko nyuma hapo! Mimi naona!" Watu wakaangua kicheko, na mimi nikamgeukia. Hilo halikuwa kwenye mazoezi. "Umeona nini, mama? Umeingia kwangu lini?" "Fungua hiyo turubai!" "Nifungue, halafu watoto wangu wale nini mwezi ujao? Wewe utawalisha?" Mzee mmoja akapiga hatua mbele na fimbo yake. "Wewe! Fungua stoo! Hii iko amri!" Nikamwambia, "Afande, amri yako inapika mboga?" na soko zima likalipuka. Waigizaji wenzangu walisimama wasijue la kufanya. Madam Furaha, pembeni, alinipungia mkono mmoja tu: endelea. Nikaendelea. Niliwaeleza kwa nini naficha, na wakanijibu, na majibu yao yalikuwa makali kuliko kitabu. Kijana muuza viatu akasema kila mtu akificha kama mimi, hata mimi siku moja nitakosa unga. Mama wa muhogo akasema anajua wanaoficha, na yeye huwa hanunui kwao hata wakirudi kwa bei nzuri. Nilikuwa nimezingirwa, nimelowa jasho, na nilikuwa na furaha isiyo na mfano.

Kisha nikamwona Kaka Musa. Alikuwa mstari wa tatu, bahasha ya makaratasi kwapani, amenitazama bila kupepesa. Maneno yakanipotea yote. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakangoja. Musa akawasukuma watu wawili kwa kiwiko, akaingia ndani ya duara, akasimama mbele yangu. "Wewe mama," alisema kwa sauti kubwa, ile sauti yake ya kuongea na madereva, "mimi iko natoka Oraba saa hii. Mpaka haifunguliwi. Magari kumi na mbili ya chumvi ilikuwa ya kwenda Kaya ng'ambo, yote iko narudi hapa Koboko. Kesho chumvi itajaa kama mchanga. Hiyo yako itaoza!" "Chumvi haiozi!" alipiga kelele mtu mmoja. "Itaoza kwa aibu!" alijibu Musa, na kelele zilizofuata nadhani zilisikika mpaka ng'ambo. Nilimtazama kaka yangu. Macho yake hayakucheka. Lakini alikuwa amenipa njia ya kutokea, na njia ilikuwa ya kweli kabisa: ugavi ulikuwa unakuja na malori. Nikavuta turubai. "Haya," nilisema, "njooni. Bei ya jana." "Ya juzi!" walijibu. "Ya juzi," nikasema, na mama wa muhogo akaja akanikumbatia, kisha akanipiga kofi dogo la bega kwa kile nilichomfanyia jirani.

Musa hakuongea nami mpaka tulipofika kwake. Wifi Halima, mke wake, aliandaa wali na nyama ya mbuzi kwa watu kumi na wanne bila kuuliza, na Mwalimu Andama alikalishwa kwenye kiti pekee chenye mto. Kaka aliniita uani. "Mawasiliano," alisema. Nikainamisha kichwa. "Kama ungeniambia ni mchezo wa kuigiza, ningekataa?" Nikasema ndiyo, Kaka, ungekataa. Alifikiri. "Kweli, ningekataa. Ningekataa mara moja, mara mbili. Ya tatu ningekuja kutazama. Lakini hukunipa hiyo nafasi. Mimi sina hasira ya mchezo, Zaina. Hasira yangu ni wewe kuniona mutu wa kudanganywa." Hakupaza sauti. Nilimwomba radhi, na aliipokea, lakini ilichukua miezi kabla hajaacha kuniuliza jambo moja mara mbili. Huo nao ulikuwa mwaka ule, na sitaki kuusimulia kana kwamba wote ulikuwa makofi. Tuliporudi ndani tulimkuta Andama akieleza kwa mikono yote miwili, mchuzi kwenye sweta, jinsi mzee wa fimbo alivyoshindwa kujibu. Madam Furaha alimtazama tu na kumwongezea nyama.

Jaribio la pili lilikuwa juu ya gharama za uzalishaji, si bei, si chumvi, na halikuwa na hata swali moja tuliloliigiza vizuri. Andama alinihamishia dawati la nyuma kabisa, kando ya dirisha, akasema kwa ukavu wake wa kila siku, "Hapo unaweza kusogeza midomo bila kusumbua wenzako." Niliisogeza saa mbili nzima. Nilipata hamsini na tatu. Nilikimbia na karatasi ile mpaka jikoni, nikawasomea wapishi, nao wakagonga mifuniko. Wapishi hao ndio walioniambia kwamba taarifa ya Andama kwa mkuu ilikuwa ya kurasa tatu na iliomba somo la Madam liendelee. Liliendelea muhula mmoja tu. Mume wa Madam aliugua, Madam akarudi kwao Kongo, na hakupatikana mwingine wa kumrithi. Ghala likajazwa viti vilivyovunjika. Candiru akaenda kusomea uuguzi. Mimi nikabaki na uchumi, ambao hadi leo nawafundisha watoto wa Dranya wakiwa wamesimama, wakipayuka, na mwalimu wa darasa la jirani hulalamika.

Lakini mwaka ule, kwangu, uliisha siku nyingine kabisa, wakati wa likizo. Wifi Halima alinituma sokoni ninunue chumvi, mboga ilikuwa tayari jikoni. Muuzaji wa kwanza, mama mmoja mwenye kopo mkononi, alinitazama usoni, akarudisha kopo ndani ya gunia. "Wewe njo yule mama wa kuficha? Sikuuzii." Nilidhani anatania. Hakutania sana. Akawaita wenzake watatu, wakakaa juu ya magunia yao, na akaniuliza swali ambalo inaonekana walikuwa wakibishania tangu siku ya mchezo: yale magari yasingerudi, ningefanya nini? Nilianza kutoa jibu la kitabu, nikaona halitoshi. Nikasema sijui, nyinyi mngefanya nini? Wa kwanza akasema angeuza nusu. Wa pili akasema nusu ni ujinga, ungeuza kwa jirani kwanza. Wa tatu akatukana wote wawili. Nikavuta gunia tupu nikaketi, nikavua viatu, na tukabishana hadi adhana ya adhuhuri, na baada ya swala tukaendelea pale tulipoachia, na wateja wakajiunga, na mmoja wao akasimama upande wangu, halafu akaniacha. Nilirudi nyumbani saa tisa, koo limekauka, nikicheka peke yangu njiani, na nilipoingia uani Wifi Halima alinyoosha mkono. Sikuwa na chumvi.